Kangaja anaweza kuishi Dodoma

Kangaja hauawi na Dodoma. Naanza na hilo kwa sababu karibu kila mgeni anayeingia sebuleni kwangu Ipagala na kumkuta samaki huyu wa bahari anazunguka kwenye kioo huwa na maneno yale yale: huku kame, huku maji yenyewe ya shida, huyu kiumbe atakufa tu. Wanaokufa wapo, tena wengi. Lakini ukifuatilia vifo vyao hukuti ukame wala vumbi. Unakuta tangi dogo, njaa, hewa haba ndani ya maji, na mgonjwa aliyeingizwa kwa wazima bila kukaa pembeni kwanza. Hayo hutokea hata Masaki, hatua chache kutoka ufukweni.

Jina kangaja ni la ukoo mzima. Wavuvi wa pwani hulitumia kwa wale samaki bapa wa kwenye matumbawe wenye kisu pembeni mwa shina la mkia, na binamu zao, ambao wengi huota pembe kwenye paji la uso, huwaita puju. Kwa wanasayansi wote ni familia moja, Acanthuridae, yenye spishi zaidi ya 80. Kisu hicho ni mwiba mkali, mmoja kila upande, uliolala ndani ya mfereji wake. Samaki akipinda mkia, unachomoka. Puju wao hawauchomoi wala hawaurudishi, wana vibao vyenye makali vilivyosimama muda wote. Kwa hiyo kangaja hashikwi kwa mkono, na mimi hata wavu siutumii, maana mwiba hunasa kwenye matundu na samaki hujichana akijinasua. Ninamswaga taratibu mpaka aingie kwenye bakuli la plastiki linaloonyesha, kisha ninamtoa pamoja na maji yake.

Bahari yetu imejaliwa kangaja. Yupo Acanthurus leucosternon, wa Bahari ya Hindi, mwili buluu ya anga, uso mweusi, koo jeupe, pezi la mgongoni la njano. Ukimwona mara moja humsahau. Yupo Acanthurus lineatus mwenye mistari ya buluu na njano, mkaazi wa pale mawimbi yanapovunjikia, mkali kupita kiasi kwa yeyote anayekaribia eneo lake. Yupo Zebrasoma desjardinii, ambaye akifungua mapezi yake ya juu na chini anaonekana mara mbili ya alivyo. Paracanthurus hepatus, yule wa buluu iliyokolea mwenye mkia wa njano anayejulikana na watoto wa dunia nzima, amerekodiwa hadi Mafia. Na yupo Zebrasoma scopas, kangaja wa kahawia.

Wa kwangu ni huyu wa mwisho, na ninamtetea popote. Watu humpita dukani kwa sababu ya rangi yake. Msogelee. Kichwani na kifuani kahawia yake ina kijani-njano ndani yake, imejaa vitone vidogo vya rangi hafifu ambavyo kuelekea mkiani vinaungana kuwa mistari myembamba. Mwiba wa mkiani umekaa ndani ya ala nyeupe, ndicho kitu cheupe pekee mwilini mwake. Taa ikiwa ya pembeni, yale unayoyaona ni kazi ya mikono ya mtu mwenye subira. Kwa kawaida hapiti sana sentimita 20, ni mvumilivu wa magonjwa kuliko wale wa buluu, na anatoka kwenye maji yetu wenyewe. Anayeanza aanze na huyu. Yule wa uso mweusi na koo jeupe mwachie mtu aliyekwisha kuishi na tangi la chumvi kwa miaka kadhaa, kwa sababu nitakazozieleza huko mbele.

Ofisi moja hapa mjini iliweka tangi la futi tatu mapokezi na kuagiza kangaja wawili wenye mkia wa njano, wageni wapate cha kutazama. Wageni walitazama kweli. Baada ya muda mmoja akawa anakwenda na kurudi kutwa nzima, kila akifika kwenye kona anagonga kioo na kugeuka, na mwenzake akajibanza nyuma ya pampu, pezi limechanika. Chakula walipewa. Walichonyimwa ni nafasi: sentimita 90 za maji kwa samaki wawili ambao kila mmoja anaweza kukaribia sentimita 30, wa aina inayozurura kwenye miamba toka jua linapochomoza hadi linapozama. Siku nilipopita tena tangi lilikuwa na maua ya plastiki.

Urefu wa tangi ndio wa kuangalia kwanza, kabla hata ya idadi ya lita. Kwa kangaja wa kahawia peke yake ningesema mita 1.2 ndiyo ya chini kabisa na 1.5 ndiyo ya kulala usingizi. Kwa jamii ya Acanthurus, mita 1.8 na kuendelea. Nilimpelekea fundi wa vioo na aluminiamu mchoro: urefu mita 1.8, upana sentimita 60, kwenda juu sentimita 60. Akapiga hesabu kwenye simu.

"Dada, hili likijaa ni karibu lita 650. Hapo mawe hujaweka. Linakaa ghorofani?"

Nikamwambia linakaa chini, kwenye sakafu ya zege.

"Basi kioo milimita 12, na mkanda wa kioo juu kuzunguka pande zote lisitanuke. Na ile silikoni ya bafuni hapana, ile ina dawa ya ukungu. Itakuua samaki wako wote."

Fundi wa namna hiyo mshike. Wapo wanaobandika kwa silikoni yoyote iliyo karibu, na mwenye samaki hajui kinachoendelea mpaka maji yageuke sumu.

Sasa maji yenyewe. Sehemu kubwa ya maji ya Dodoma mjini hutoka ardhini, kwenye visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, na ni maji yenye madini mengi. Chungulia ndani ya birika lako uone gamba jeupe. Ukitia chumvi ya akwariamu kwenye maji ambayo tayari yana chumvi na madini yake, hujui umepika nini. Inabidi kwanza uyavue kila kitu kwa mashine ya kuchuja kwa utando, ileile inayotumika kwenye vibanda vya kuuza maji ya madumu, kisha ndipo uongeze chumvi. Mashine hiyo ina tatizo moja ambalo kwa mji kama wetu siwezi kulipita kimyakimya: kwa kila lita safi inamwaga lita mbili, tatu, hata nne. Bomba la maji hayo ya kumwagwa nimelielekeza kwenye pipa la nje, na ndiyo tunayodekia, tunayofulia na kusukumia chooni. Mtu akianzisha tangi la bahari Dodoma na kuacha maji hayo yaende mtaroni huku jirani yake anasubiri mgao, sitampongeza hata samaki wake wakinenepa.

Chumvi ya jikoni haifai, ya mawe wala ya pakiti. Ni sodiamu na kloridi tu, wakati katika chumvi ya bahari hivyo viwili ni karibu asilimia 85 ya uzito, na ile iliyobaki ndiyo yenye salfeti, magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na mengine ambayo damu ya samaki, bakteria na matumbawe vinayategemea. Kwa hiyo unaagiza chumvi ya akwariamu, unachanganya gramu 35 hivi kwa lita, kwa tangi kama langu zaidi ya kilo 20 kwa mara ya kwanza, na unapima kwa refraktomita, kifaa cha kupimia ukali wa chumvi, mpaka isome kati ya 1.025 na 1.026. Kifaa cha kuelea kinachouzwa bei rahisi hudanganya kirahisi. Kiputo kimoja cha hewa kikinata pembeni, kipimo kimepanda.

Kuanzia Julai, upepo mkavu ukianza, maji hupungua kwenye tangi kwa kasi ambayo mtu wa Tanga hawezi kuiamini. Kinachoondoka ni maji, chumvi inabaki. Ukijazia kwa maji ya chumvi unazidisha ukali wake kila siku. Jazia maji yaliyochujwa matupu, kidogo kidogo, kila siku au kwa pampu ndogo yenye kielea. Na kwa kuwa joto la Oktoba na Novemba hupozwa kwa feni inayopuliza juu ya maji, upungufu ndio unazidi. Juni na Julai ni kinyume chake, usiku wa Dodoma ni wa blanketi, hita iwe nzima. Lengo ni nyuzi 25 au 26 bila kurukaruka.

Kinachosahauliwa na wengi huku bara ni hewa. Dodoma mjini ipo karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni pungufu kuliko wa pwani kwa asilimia 12 hivi. Oksijeni inayoweza kuyeyuka ndani ya maji inapungua kwa kiwango hichohicho. Ongeza kwamba maji ya chumvi hushika oksijeni kidogo kuliko maji ya mto, na maji ya moto kidogo kuliko ya baridi. Maji ya bahari ya nyuzi 26 yakiwa pwani, yakishiba kabisa, hubeba takriban miligramu 6.6 za oksijeni kwa lita. Yaleyale ukiyaleta hapa hayafiki 6. Perege wa Hombolo hana shida na hali hiyo. Kangaja ni mkimbiaji, tena wa kutoka kwenye miamba ambako mawimbi hupiga na kuchanganya maji na hewa bila kukoma. Hakuumbwa kwa maji yaliyotulia.

Kwa hiyo ushauri wa vitabu vilivyoandikiwa watu wa miji ya pwani sisi tuuongezee nguvu. Pampu za mawimbi ziwe mbili, pande mbili tofauti, moja ikielekea juu hadi uso wa maji uwe unachafuka muda wote. Skima, ile ya kutoa uchafu kwa povu, iwe kubwa kuliko tangi linavyotaka, kwani mbali na kusafisha inaingiza hewa. Juu usifunike kwa kioo. Weka wavu, samaki asiruke na hewa ipite. Halafu mtazame akiwa ametulia asubuhi kabla hujawasha taa, kwenye vile vifuniko vya matamvua: vinavyofunguka taratibu na kwa mpangilio ni vya samaki mwenye hewa, vinavyopapatika, huku samaki amesimama karibu na mkondo wa pampu mdomo wazi, ni vya samaki anayeomba msaada, na hapo usianze kutafuta dawa kabla hujaangalia mwendo wa maji.

Umeme ukikatika, hesabu huanza hapohapo. Pampu zikisimama, uso wa maji ukitulia, samaki, bakteria na kila kiumbe kwenye mawe vinaendelea kuvuta oksijeni ileile. Mimi nimefunga inveta ndogo na betri ya sola kwa ajili ya pampu moja ya mawimbi na mashine ya hewa, basi. Taa zizimike, hita izimike, vyote vitasubiri. Asiye na inveta anunue angalau mashine ya hewa ya betri, na aijaribu kabla ya siku ya shida.

Nikija kwenye chakula, hapa ndipo mtu wa Dodoma angepaswa kuelewa haraka kuliko yeyote. Kangaja anakula kama mbuzi anavyochunga: haketi mezani mara mbili kwa siku, anatembea na kudonoa kuanzia asubuhi hadi jioni. Utumbo wake ni mrefu, umetengenezwa kwa majani ya baharini yanayopita mfululizo. Ndani ya tumbo la baadhi yao wanaishi bakteria wa ajabu: mwaka 1985 watafiti walieleza vijidudu vikubwa kutoka kwenye utumbo wa Acanthurus nigrofuscus wa Bahari ya Shamu, vikubwa kiasi kwamba hawakudhani ni bakteria. Mwaka 1993 vinasaba vikathibitisha kwamba ni bakteria kweli. Wakubwa wao wanazidi nusu milimita, unaweza kuwaona kwa macho. Wakaitwa Epulopiscium, mgeni kwenye karamu ya samaki. Ninapoona mtu anamtupia kangaja punje chache za chakula cha rangi usiku akitoka kazini, nafikiria karamu hiyo ilivyozimwa.

Wa kwangu anapata mwani mkavu wa karatasi, ule unaouzwa kwa ajili ya mapishi ya Kijapani, usiotiwa mafuta wala viungo. Ninabana kipande kwenye kioo kwa kibano. Anakuja kwa ubavu kwanza, jicho moja kwangu na jingine kwenye mwani, anausoma. Halafu pua ile ndefu inanyooka, mdomo mdogo unauma ukingo na kichwa kinatikisika mara moja, na kipande chembamba kinakatika kwa mstari ulionyooka. Anazunguka tangi zima, anarudi, anakata tena. Kufikia mchana kibano ni kitupu. Ninaongeza. Mara mojamoja napata mwani wa Zanzibar kutoka kwa ndugu anayekwenda na kurudi. Nauloweka, nausuuza chumvi na mchanga, na anaumaliza. Akinamama wanaolima mwani kule wanajua vizuri kwamba samaki wala majani hushambulia mashamba yao, kwa hiyo hilo halikunishangaza. Mchicha na letisi ataula, lakini ni majani ya nchi kavu, hayana alichokizoea. Usiyafanye ndiyo riziki yake. Nyama za uduvi kidogo mara chache kwa juma zinatosha.

Tumbo ndilo kipimo. Mtazame kwa mbele: kangaja aliyeshiba ana ubavu uliojaa, na nyuma ya kichwa juu hakuna bonde. Ukiona tumbo limeingia ndani na mgongo umebaki ukingo, huyo ana njaa ya muda mrefu, na dukani usimnunue hata kwa bei ya huruma. Mwambie muuzaji amlishe mbele yako. Asipokula, rudi juma lijalo.

Kuna pia ule ugonjwa wa vishimo vinavyochimbika usoni na kwenye mstari wa ubavuni. Watu husema ni lishe duni, na lishe ina sehemu yake, lakini jaribio la kangaja wa Atlantiki lililochapishwa mwaka 2011 lilionyesha kwamba vumbi la makaa ya kuchujia maji linaweza kuuleta. Kama unatumia makaa hayo, yasuuze mpaka maji yatoke meupe, na tumia machache.

Sasa kwa nini nasema yule wa buluu wa koo jeupe aachwe. Kuna kimelea kinaitwa Cryptocaryon irritans, na kangaja ni miongoni mwa samaki wanaokipata upesi zaidi. Wana magamba madogo sana, na leucosternon ndiye wa kwanza kuanguka kila mahali nilipomwona akifugwa. Unaanza kuona vidoa vyeupe vidogo kwenye mapezi, samaki anajikwaruza kwenye mawe, kisha siku chache vidoa vinatoweka na mwenye tangi anashukuru Mungu. Havijapona. Kimelea kimeshiba, kimedondoka chini, kimejifunika gamba na kinajigawa. Kikifunguka, kinatoka kizazi kipya kutafuta samaki, na mawimbi ya pili huwa mabaya kuliko ya kwanza, maana sasa kimeingia kwenye matamvua. Huku juu ambako hewa yenyewe ni ya kupimiwa, matamvua yaliyovimba ni hukumu.

Dawa ya uhakika ni shaba, lakini shaba inaua konokono, kaa na matumbawe, na ikishaingia kwenye mawe haitoki kirahisi. Haiwekwi kwenye tangi kuu. Dawa yenyewe si rahisi kuipata hapa mjini, na kipimo chake kisipokuwa sahihi inaua samaki pia. Njia ninayoitumia mimi haihitaji dawa. Inategemea ratiba ya kimelea chenyewe: kinakaa kwenye ngozi kati ya siku tatu na saba, kinadondoka, na tangu kidondoke kinahitaji angalau siku tatu kabla ya kuachia kizazi kipya. Basi samaki mgeni anawekwa kwenye tangi tupu lenye bomba fupi la plastiki la kujifichia na mashine ya hewa. Kabla saa 72 hazijatimia anahamishiwa kwenye tangi la pili, safi na lililokuwa limekauka, lenye maji mapya ya joto na chumvi ileile. La kwanza linaoshwa na kuanikwa juani, na jua la Dodoma kwa kazi hiyo halina mpinzani. Anahamishwa mara nne. Kila anapohama anaviacha nyuma vilivyodondoka. Baada ya hapo ninamweka chini ya uangalizi majuma mengine kadhaa, anakula, ananenepa, ndipo anaingia ndani.

Watu huniambia hiyo ni kazi kubwa kwa samaki mmoja. Kazi kubwa ni ile nyingine: ugonjwa ukishaingia kwenye tangi kuu unalazimika kutoa samaki wote na kuliacha bila samaki kwa takriban siku 76 ili vimelea vilivyobaki vikose pa kuishi. Nimemsaidia rafiki anayeishi mtaa wa Kisasa kufanya hivyo. Miezi miwili na nusu mtu anatazama mawe.

Safari nayo ina mambo yake. Samaki husafirishwa ndani ya mfuko wenye maji na oksijeni. Mfuko uliofungwa pwani ukiwa umekaza utafika Dodoma umevimba zaidi, kwa sababu mgandamizo wa hewa wa nje umepungua. Mwambie anayefunga aache nafasi. Na ndani ya mfuko samaki amekuwa akipumua na kutoa amonia kwa saa nyingi. Hewa chafu aliyoitoa imeshusha pH, yaani imeyafanya maji yawe na asidi zaidi, na kwa pH hiyo ya chini amonia haina makali. Ukifungua mfuko hewa hiyo inatoka, pH inapanda, na amonia ileile inageuka sumu kali. Ile desturi ya kufungua mfuko na kudondoshea maji ya tangi kwa saa nzima, kwa samaki aliyetoka mbali, ni ya kuachwa. Mfuko uelee ukiwa umefungwa mpaka joto lilingane. Tangi la uangalizi uwe umelitengeneza tayari kwa chumvi ya mfuko, uliyoulizia kabla. Fungua, hamisha, mwaga maji ya mfuko.

Mawe ninayotumia ni ya kale, yale ya matumbawe yaliyokufa zamani na kuchimbwa nchi kavu huko pwani kwa ujenzi, nikayasugua na kuyaloweka. Mawe hai yanayong'olewa baharini sinunui. Na samaki wa hapa nchini ninauliza karatasi: uvuvi una Sheria Na. 22 ya mwaka 2003 na vibali vyake, na ndani ya hifadhi kama ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, hatuna biashara ya kuchukua samaki wa mapambo. Kangaja ana kazi kule. Mwaka 1998 joto la bahari lilipoyapausha na kuyaua matumbawe mengi ya Afrika Mashariki, mifupa iliyobaki ilikuwa tayari kufunikwa na majani. Walao majani ndio wanaosafisha miamba hiyo ili matumbawe machanga yapate pa kushika. Kila kangaja ninayemwona kwenye kioo, wa kwangu akiwemo, ametolewa kwenye kazi hiyo. Kwa hiyo simpangii maisha ya miezi.

Maana wanaishi sana. Kangaja wa njano wa Hawaii, Zebrasoma flavescens, umri wake umepimwa kwenye vijiwe vya masikioni na kukutwa porini wenye zaidi ya miaka 40. Ndugu wa damu na huyu wangu wa kahawia, na baharini wanapokutana huzaa machotara. Na ni huyo wa njano ambaye mwaka 2015 taasisi ya Oceanic Institute ya Hawaii Pacific University ilifaulu kumkuza kutoka yai hadi samaki kamili. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Florida na washirika wake wakafaulu kwa Paracanthurus hepatus. Kazi ilikuwa ngumu kwa sababu yai halifiki milimita moja, kiluwiluwi kinaelea wiki nyingi kikiwa angavu kabisa, na kinataka vijidudu hai vidogo sana kila saa.

Lakini kilichowezekana kwa wa njano kinaweza kujaribiwa kwa wa kahawia, ambaye wazazi wake wapo hapa kwetu kuanzia Tanga hadi Mtwara, na tunayo Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Zanzibar yenye watu wanaoyajua maji hayo. Kama kuna kijana anayesoma mambo haya na anataka mahali pa kufanyia majaribio ya chakula cha viluwiluwi mbali na bahari, aniandikie. Chumba cha nyuma kipo, mapipa matatu yapo, inveta inatosha kwa mashine mbili zaidi za hewa, na chumvi nimeagiza ya kubaki.